Ulezi Chini ya Bawa la Panzi

Jirani yangu Bibi Domisiana anasema Panzi alipiga magoti. Humwambia hivyo kila anayepita kwake kuomba moto au chumvi, na kila akisimulia, magoti yanazidi kuzama. Kwa maneno yake, lile dude la Shirika lilifika ukingoni mwa shamba lake, likanusa ulezi, likatetemesha mabawa yote mawili kama kuku aliyenyeshewa, kisha likainama mpaka tumbo likagusa udongo. Wafu wa kijiji chetu cha Msanzila, anasema, walilishika miguu. Walikataa.

Mimi simbishii mbele za watu. Ni mtu mzima, na ile ni furaha yake. Lakini hapa naandika, kwa hiyo niseme. Wafu hawakushika kitu. Panzi huinamisha tumbo kila mwangalizi anapomzima, ili mtu apate kushuka bila kuruka. Aliyemzima ni mimi, Gaudensia binti Kasian, niliyekuwa nimekaa kitini. Aliyekataa ana jina, na sitaki jina hilo wapewe wafu ambao sifa wanazo za kutosha.

Panzi tulimpa jina hilo kwa miguu yake, mirefu na myembamba, inayovuka matuta bila kuyabomoa. Mabawa yake ya chuma yanakunjuka mpaka yanafunika mistari mingi ya mahindi kwa mara moja, na chini ya mabawa inaning'inia mirija, kila mmoja juu ya mstari wake. Mirija hiyo ndiyo inayonywesha ardhi Kinga, dawa ya Shirika dhidi ya kutu ya mimea.

Kila mrija una sikio, kidude kidogo kama punje ya kunde kilichobandikwa shingoni mwake. Maji yakipita yana mlio wake, sikio linausikia na kuupeleka kwenye ubao ulio mbele ya kiti. Taa ya kijani, mrija unanywesha. Nyekundu, umeziba, simamisha, shuka, funga bomba, zibua. Njano, unasitasita, hapo amri ni kuendelea, utausafisha kazi ikiisha. Mimi kazi yangu ni kuangalia taa. Watu hunitania kwamba nalishwa kwa kukodoa macho, na sina la kujibu kwa sababu ndivyo ilivyo. Nimekaa na taa zile miaka, nazijua kama mama anavyojua kilio cha njaa na kilio cha usingizi.

Ila masikio yale yana upungufu mmoja, na Shirika lenyewe lilitufundisha hivyo siku ya mafunzo. Yanajua kwamba kuna kitu kinapita. Ni kitu gani, hayajui.

Ndiyo maana kuna kibao cha kiganja. Kabla sijaanza kukalia kiti hiki, mashine hizi ziliangaliwa na watu waliokaa mjini. Siku moja wakamwaga Kinga kwenye kisima cha watu wakidhani ni shamba, na taa zote zilikuwa kijani. Baada ya mazishi ikatungwa sheria: mstari ulioandikwa kuwa haukunyweshwa, Panzi harudi kuunywesha mpaka mtu anayekula kutoka ardhi ile, au ardhi inayopakana nayo, aweke kiganja chake pale. Mhandisi hawezi. Ofisi haiwezi. Ni anayekula pale.

Na Kinga yenyewe nisiisingizie. Mwaka wa kutu nilikuwa msichana wa kutumwa maji. Majani ya mahindi yalishika madoa mekundu kama bati la zamani, ukipita shambani nguo inatoka imepakaa, na ndani ya msimu mmoja uwanda wote wa Ufipa ukawa wa rangi hiyo. Tulichemsha mizizi ya nyasi. Dada yangu Leokadia alimzika mtoto wake wa kwanza, na alimzika akiwa mwepesi kiasi kwamba hakuhitaji mtu wa kumsaidia kubeba. Kinga ilipokuja, kutu ilikufa ardhini. Tukala. Lakini ardhi inayokunywa Kinga inafunga mlango. Hakuna mbegu inayofunguka humo ila mahindi yaliyovikwa koti la Shirika. Kunde hakuna, maboga hakuna, ulezi hakuna. Hata magugu hakuna, na mwanzoni tulishangilia hilo.

*

Huku kwetu ardhi haipewi chakula kipya kabla haijaonjeshwa cha zamani. Wanawake wanapika togwa, wanaimimina kidogo kwenye chombo kinachobeba mbegu, halafu wanarusha punje chache kavu shambani. Zamani chombo kilikuwa kikapu. Sasa ni tangi la Panzi, ingawa hilo linabeba Kinga, si mbegu. Wasichana wa Shirika walishawahi kuona wakacheka tu, kwa sababu miaka yote ilikuwa togwa ya mahindi, nyepesi, iliyochujwa kwa kitambaa, na Kinga haikugombana nayo.

Mwaka huu Bibi Domisiana alipanda juu ya kigoda akaangua kibuyu kilichokuwa kimening'inia juu ya meko yake tangu enzi za mama yake. Ndani mlikuwa na ulezi. Ulikuwa wa mwisho Msanzila, mweusi kwa masizi. Wenzake wakamwambia mbegu hizo zimeshakufa. Akasema kama zimekufa basi hazina haja ya kuendelea kukaa jikoni zikimsikiliza. Akasaga sehemu kwa jiwe, akapika togwa nzito kama uji wa mgonjwa, na alipoambiwa achuje akakataa. Ardhi si mgeni kibogoyo, alisema, itafune. Togwa ikaingia tangini na makapi yake. Punje zilizobaki akazirusha kwa mkono wake mwenyewe, akivuka shamba lake lote kutoka mwanzo hadi mwisho, anatembea polepole kama anayepeleka bibi harusi.

Nilipofika na Panzi kwenye shamba hilo, mirija mitatu ya bawa la kushoto ikawaka njano. Njano, endelea. Niliendelea. Jioni nilipoisafisha ndipo nikaona: togwa ilikuwa imetuama chini ya tangi, na mirija ile mitatu ndiyo inayonyonya kutoka chini. Masikio yalisikia kitu kinapita, na kweli kilipita. Mistari mitatu ya Bibi Domisiana ilikuwa imekunywa togwa tupu. Niliripoti kwa Shirika kama inavyotakiwa, wakajibu kwamba watasikiliza milio upya, nisubiri.

Mvua ikanyesha. Mahindi yakatoka kila palipokunywa Kinga, yamesimama sawasawa kama watoto wa gwaride. Na kwenye ile mistari mitatu, katikati ya mahindi, kikatoka kitu kingine. Kilikuwa chembamba, kimelala kidogo upande, rangi ya kijani iliyokolea.

Bibi Domisiana hakupiga kigelegele. Alimtuma mtoto wa jirani aniite, nikamkuta ameketi juu ya tuta, mikono mapajani. Akaniomba nimwambie kama macho yake yanamdanganya. Nikamwambia hayamdanganyi. Akakata jani moja, akalitafuna taratibu, akafumba macho, akasema ni wenyewe.

Dada yangu hakufurahi. Shamba letu la urithi tumeligawa nusu kwa nusu, yangu ndiyo inayopakana na Bibi Domisiana, yake inafuata. Leokadia alisimama kwenye mpaka wetu, amembeba mwanawe Fausta, akatazama ule ulezi kama mtu anayetazama moshi juu ya paa la jirani. Alisema ardhi isiyo na Kinga ni mlango wazi, na kutu ikipita mlangoni haitaniuliza mimi ni nani, itavuka ya kwangu iingie ya kwake. Nikamwambia tungoje tuone. Akajibu kwamba aliwahi kungoja aone, na alichokiona kimelala kaburini. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alisema, na akaondoka.

*

Shirika lilimtuma Injinia Tumpe. Kama mlitegemea niseme alikuwa mtu mbaya, hakuwa. Alivua viatu ukingoni mwa shamba, jambo ambalo wengine hawafanyi. Alisalimia watu wazima kwanza. Nilipomweleza habari za togwa alicheka mpaka akajishika kiuno, akasema amesomea mashine miaka mingi na hakuna kitabu kilichomwonya kuhusu bibi anayekataa kuchuja. Bibi Domisiana akacheka naye. Halafu Injinia akasema amri aliyokuja nayo: milio imesikilizwa upya, mistari mitatu imeandikwa haikunyweshwa, inyweshwe leo.

Kabla hatujajibu alikuwa ameshachuchumaa kwenye ulezi, anageuza majani. Akaliangalia moja kwa karibu. Akageuza lingine.

"Gauda, njoo uone hapa."

Chini ya jani kulikuwa na madoa. Madogo, mekundu. Nilijua kabla hajasema, na Leokadia naye alijua, kwa sababu alimnyanyua Fausta kutoka chini na kurudi nyuma kama aliyekanyaga nyoka.

"Ni kutu," alisema Injinia. "Lakini tazama shina. Tazama machipukizi haya. Mmea ukipata kutu unapaswa uwe umekauka. Huu unaumwa na unaendelea kukua."

"Kwa hiyo ni mzuri?" niliuliza.

"Kwa hiyo sijui. Labda ni mbegu inayojua kuishi na kutu, na tungejifunza kwake tukaachana na Kinga. Labda ni nyumba ambamo kutu inalala, ikingoja mahindi yenu. Inaweza kuwa yote mawili, mdogo wangu."

Alisema hivyo bila kuficha, na kwa hilo nilimheshimu. Akatoa shauri. Atang'oa mashina machache na mizizi yake, ayapeleke kwenye nyumba ya vioo ya Shirika, yakakae salama, yachunguzwe. Yaliyobaki yanyweshwe Kinga leo leo kabla upepo haujageuka. Kwa njia hiyo hatupotezi mbegu na hatuhatarishi uwanda.

Lilikuwa shauri zuri. Nilikuwa karibu kulikubali. Leokadia alishaanza kutikisa kichwa kukubali.

Bibi Domisiana akamuuliza Injinia kwao ni wapi. Rungwe, bibi. Na huko Rungwe siku hizi wanalima nini? Injinia akaangalia miguu yake iliyojaa udongo, akasema hakuna anayelima tena. Kutu iliwafikia kabla ya Kinga. Wazee wake walihama na mabegi.

"Pole, mwanangu," alisema Bibi Domisiana, na alimaanisha. "Sasa nisikilize. Mahindi yetu nayo mliyapeleka kwenye nyumba ya vioo. Ya bibi zetu, ya njano, yale mafupi. Mlisema yakakae salama. Yakarudi yamevaa koti, hayafunguki mpaka mnyweshe nyinyi. Yalirudi hayatujui. Huu ukienda utarudi hautujui."

Injinia hakubisha. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejua jibu lake ni dogo, kwamba yeye binafsi atahakikisha. Bibi Domisiana akamgusa bega, akamwambia hana shaka na yeye binafsi.

*

Nilipanda kitini. Wengine wananiuliza kwa nini nilipanda kama nilikuwa nimeshakata shauri. Sikuwa nimekata. Mimi sikati shauri haraka, naangalia kwanza. Nilitaka nione kutoka juu.

Panzi aliamka, akanyanyua tumbo, akavuka kutoka barabara ya shamba hadi mistari ile mitatu. Ubao ulikuwa na taa nyingi zilizolala na tatu zilizopepesa, zinangoja kiganja. Bawa la kushoto likashuka, mirija ikakaa juu ya ulezi, karibu kiasi kwamba majani yaliyumba kwa pumzi yake. Kibao cha kiganja kikawaka mwanga mweupe. Kazi yangu ilikuwa kuweka mkono.

Kutoka juu niliona yote kwa mara moja. Uwanda wa mahindi, kijani kimoja hadi kwenye milima, mzuri, wa kushibisha, na hakuna hata mmea mmoja humo unaoweza kuota mwakani bila kuletewa ruhusa. Katikati yake michirizi mitatu myembamba ambayo haikumwomba mtu. Bado haikuwa imetoa hata suke moja. Nikamwona na Leokadia. Amesimama kwenye mpaka, mkono kichwani mwa Fausta. Nikajua nikikosea, atakayelipa si mimi peke yangu, na kwamba ameshalipa mara moja. Sikusahau hilo. Sijalisahau hata sasa ninapoandika.

Nikavuta swichi. Panzi akainama, nikashuka.

"Amezima?" aliuliza Injinia.

"Nimemzima."

"Kuna hitilafu?"

"Hakuna. Mirija ni mizima. Ni mimi siweki mkono."

Injinia alinisogelea. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayezungumza na ndugu, kwamba kutu haingoji. Nikamwambia nami sijaomba kutu ingoje, naomba watu wangoje, mpaka ulezi utoe masuke, tuvune, tuone kama mahindi ya jirani yameugua au hayakuugua. Akaniuliza kama nataka kuubahatisha uwanda mzima. Nikamuuliza kutu inarukaje. Akasema inaruka jani kwa jani kwanza, upepo mkali ndio unaoipeleka mbali.

"Nikiweka pengo?"

"Pengo halizuii upepo, Gauda."

"Linapunguza?"

Akatazama ulezi, akatazama mahindi. "Linapunguza."

Basi nikavuka mpaka wa Bibi Domisiana nikaingia shambani kwangu, kwenye mahindi yangu, yale yanayotenganisha ulezi na shamba la dada. Yalikuwa yamenifika kiunoni. Nikashika shina la kwanza kwa mikono miwili nikaling'oa. Mahindi ya koti yana mizizi mifupi, yanang'oka kirahisi, hata hilo nilikuwa sijawahi kulijua. Nikaliweka chini. Nikashika la pili.

Bibi Domisiana alinitazama, kisha akaingia upande wake, akaanza na yeye kung'oa mahindi yaliyobanana na ulezi. Mgongo wake ni mbovu. Aling'oa moja, akapumzika, aling'oa moja.

Leokadia alinifuata mpaka nilipokuwa, akaniita mwehu. Akaniuliza nitakula nini. Nikamwambia nitakula nitakachopata.

"Kwangu usije na sahani," alisema.

"Sitakuja na sahani."

"Baba angekuwepo angekuchapa."

"Baba angekuwepo angekuwa upande huu anang'oa. Angekuwa ananitukana huku anang'oa."

Hakucheka, ila mdomo ulimcheza kidogo. Kisha akaangalia mashina niliyoyalaza, akaangalia yaliyobaki, akapima pengo kwa macho. Mimi namjua dada yangu. Alikuwa anaangalia kama linatosha. Na usoni mwake niliona halitoshi.

Kifaa cha Injinia kikaanza kulia kiunoni mwake. Ni Shirika, wanataka kujua kwa nini bawa limeshuka na hakuna kinachotoka. Aliwasikiliza, akajibu ndiyo mara kadhaa, akakizima. Alikuja taratibu akipita kwenye matuta, viatu mkononi, akasimama karibu nasi. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui ni vumbi. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Leokadia.

"Mama Fausta," alisema. "Sheria inasema anayekula kwenye ardhi hii au inayopakana nayo. Wewe ni jirani wa shamba hili, nusu yako na yake ziko kwenye hati moja. Kiganja chako kinatosha. Sikulazimishi, na akikataa kila mtu hapa nitarudi na jibu hilo hilo. Lakini wewe unajua kutu kuliko mimi. Nakuomba upande wewe."

Bibi Domisiana aliacha kung'oa. Panzi alikuwa ameinama nyuma yetu, ngazi yake imegusa udongo, kibao, ambacho hakizimiki naye, kinawaka mle juu. Fausta alikuwa ameokota jani moja la mahindi niliyoyang'oa, analipeperusha.

Leokadia alimkabidhi Bibi Domisiana mtoto. Mikono yake ikabaki mitupu. Aliifuta kwenye kanga, upande mmoja, upande wa pili, akasimama katikati ya ngazi na pengo langu.

Ningeweza kumsihi. Maneno nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa nimekataa kwa kiganja changu, na chake si changu. Nikamgeuzia mgongo, nikashika shina lingine la mahindi, nikaling'oa, nikashika lingine, masikio yangu yote yako nyuma, nasikiliza miguu ya dada yangu kwenye udongo.